Kifundo cha Kulia

Gari la daktari wa mifugo liliingia asubuhi
likitikisa kichwa kama mjomba aliyekataa posa.
Likifika sitini, alisema, usukani hunitoka mikononi,
na gurudumu la mbele lalia machozi meusi.

Nikajua kabla sijainama.
Vifundo vya Kruza hii tulivifungua wawili, miaka sita nyuma,
Shekue wa kushoto, mimi wa kulia,
gereji ingali moja, ubao mmoja: HAMADI NA WANAWE.
Ubao tuliukata kwa msumeno.
Yangu HAMADI. Yake, ng'ambo ya barabara hapo Shimanzi, NA WANAWE,
na kila mmoja adhani alipunjwa.

Fundi, fundo, kifundo:
baba akisema ni maneno ya tumbo moja.
Mimi nilishika la katikati.

Nikaanza na kushoto. Nilitaka kulitia kosa lake mkononi,
nimwoneshe Chengo: haya ndiyo, mwanangu. Kazi ya haraka.
Jeki, stendi, gurudumu chini,
breki nikaining'iniza kwa waya isivute paipu.
Habu, beringi mbili, kisha spindeli,
ambayo chumvi ya mji huu iliigandisha.
Ikagoma, ikagongwa, ikatoka.
Nikatia kidole.

Grisi ya manjano bado, nzito kama samli ya kusi.
Sili kavu. Shimu mbili juu, moja chini,
na pembeni mwa kifuniko kitundu cha panchi:
alitia alama, atakayefungua baadaye asizichanganye.
Atakayefungua baadaye
nilikuwa mimi.

"Huku mbona kuzuri?" akasema Chengo.
Nikamtuma chai.

Kulia ndiko kulikooza.
Kilichomwagika karaini si grisi wala oili,
ni uji wa kijivu wenye vumbi la Kinango ndani yake,
mafuta ya difu yaliyopita kwenye sili
niliyoigonga upande. Naikumbuka: Ijumaa,
adhana imekwisha, nina haraka, nikasema itakaa.
Haikukaa. Miaka sita yavuja
nami nausimulia mtaa mzima kazi za Shekue.

Beringi ya juu ilikuwa imeng'ata kikombe chake
kama meno kwenye muhogo.
Na shimu yangu moja nilikata kopo la maziwa.
Bado ina pua ya ng'ombe.

Siku nzima nimeosha kwa dizeli na mswaki,
nikasugua tufe la ekseli kwa msasa hadi likanionesha uso.
Sikuupenda.
Sili mpya nikaigonga kwa kipande cha bomba, kuzunguka, tok, tok,
kama mtu abishaye mlango wa wakwe.

Kisha kipimo. Kifundo hakikazwi kwa hasira:
kikilegea gari latikisika, kikibana usukani haurudi.
Unafunga mizani kwenye mkono wake, unavuta taratibu,
pale kinapoanza kwenda, unasoma.
Mizani niliazima kwa Mama Mbeyu, muuza mabamia.
Kilo mbili. Nikatoa shimu: saba.
Nilihitaji nyembamba, ya unywele,
na mjini humu namjua mtu mmoja tu azipangaye kwenye makopo.

Chengo akavuka kati ya malori ya kontena.
Akarudi na shimu tatu katika bahasha ya dawa
na ile fimbo ya shaba ya baba,
tuliyoigombania kuliko ubao.
"Kasemaje?"
"Kasema usisahau kuipaka grisi sili ya feliti."

Ilikuwa mezani. Kavu.

Nikaipaka. Nikafunga, nikavuta: nne na robo.
Nikamwambia Chengo mizani arudishe kwa mwenyewe,
shaba aiache kwanza.
Kisha nikahamia kushoto, na shimu zake
nikazirudisha palepale penye alama.